Mwongozo kamili: Kusoma na kupanga barua za familia na biashara za mfanyabiashara wa manyoya wa karne ya 19

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anapata picha mia mbili za barua za mfanyabiashara wa manyoya wa Marekani, labda kwa ajili ya tasnifu, labda amejitolea kunakili nyaraka. Siku ya kwanza anazigawa mafungu mawili: familia huku, biashara kule. Baada ya mwezi anarudi amechoka. Fungu la biashara limejaa madeni yasiyo na chanzo, na fungu la familia limejaa watoto wagonjwa na salamu kwa watu asiowajua.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilitumia miezi minne kupanga mafungu mawili na mingine mitatu kuyarudisha kuwa moja. Nimeandika hatua hizi ili usipoteze hiyo miezi saba.

Mfano nitakaoutumia ni barua za François Chouteau (1797–1838) na mkewe Bérénice kwa Pierre Menard, baba yake Bérénice. François alifanya biashara karibu na mahali mto Kansas unapoingia mto Missouri, mahali ambapo leo ni Kansas City. Menard aliishi Kaskaskia, Illinois. Barua zao ni za Kifaransa, na ndani ya karatasi moja utakuta ngozi, deni, mafuriko na homa ya mtoto.

## Utakavyohitaji

- Penseli laini, si kalamu ya wino, kama utashika barua zenyewe.
- Kioo cha kukuzia, au simu yenye kamera nzuri.
- Jedwali kwenye kompyuta. Daftari la mistari nalo linatosha.
- Kalenda ya karne ya 19 inayoonyesha siku za wiki.
- Ramani ya mito ya Mississippi na Missouri.
- Karatasi kubwa ya kuchorea ukoo.
- Kamusi ya Kifaransa, hata kama Kifaransa unakijua.

Kama barua ni karatasi halisi: nawa mikono, ikaushe vizuri, weka chai mbali. Usibandike selotepu palipochanika wala usilaminishe. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma hula karatasi taratibu, na plastiki haiuzuii.

## Hatua ya 1: Tafuta barua kwa aliyepokea

Watu hutafuta barua za François katika karatasi za akina Chouteau, wakazikosa, wakadhani zimepotea. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Alichoandika François kilifika kwa Menard, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni karatasi za Menard.

Kwa mwandishi hubaki nakala tu, kama alikuwa na daftari la nakala. Makampuni makubwa yalikuwa na makarani wa kazi hiyo. Mtu aliyekuwa kituoni pembeni mwa mto mara nyingi hakuwa na karani wala daftari.

Karatasi nyingi za ukoo wa Chouteau zimehifadhiwa na Missouri Historical Society mjini St. Louis. Mkusanyiko wa Menard uko Springfield, Illinois. Soma orodha za pande zote mbili kabla hujaagiza picha hata moja.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa kila fungu: hizi zilipokelewa na nani, na majibu yake yangepaswa kuwa wapi.

## Hatua ya 2: Piga picha kila upande, hata usio na maneno

Kabla ya miaka ya 1840 bahasha zilikuwa chache Marekani. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa kwa nje. Ule upande wa nje ndio unaobeba mhuri wa posta, gharama, na mara nyingi maandishi madogo ya mpokeaji: jina la mwandishi, tarehe ya barua, tarehe ilipofika. Atakayepiga picha ya ndani tu ameacha nusu ya ushahidi.

Gharama nayo inasema kitu. Kati ya 1816 na 1845 posta ya Marekani ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Karatasi moja kupita maili 400 ilikuwa senti 25, karatasi mbili ilikuwa mara mbili yake, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Sasa fikiria mkwe anayemwandikia baba mkwe. Hatatuma karatasi ya pili kwa ajili ya salamu. Atazibana pembeni mwa hesabu, atageuza karatasi na kuandika ukingoni. Ndiyo maana habari za nyumbani na za ghala ziko ukurasa mmoja, na ndiyo maana ukizitenga unararua kitu kilichoshonwa pamoja na mwenyewe.

Pasipo mhuri wa posta, tazama kama kuna jina la aliyebeba. Barua nyingi za mtoni zilikwenda kwa mkono wa nahodha, ndugu au mtumishi. Andika jina hilo. Utalikuta tena.

Tahadhari: pale lakiri ilipobanduliwa mara nyingi pana tundu, na maneno yamekwenda nalo. Usiyakisie. Weka mabano yenye nafasi tupu.

Umefaulu ikiwa kila barua ina picha za pande zote, kwa mpangilio ule ule ulioikuta nao.

## Hatua ya 3: Mstari mmoja kwa kila barua

Fungua jedwali. Kila barua ipate namba na mstari mmoja wenye safu hizi: tarehe ya kuandikwa, mahali, mwandishi, mpokeaji, tarehe ya kupokelewa, aliyeibeba, barua inayoijibu, bidhaa na fedha, watu waliotajwa, afya na hali ya hewa.

Usianze kutafsiri. Najua mkono unawasha, hasa ukiona jina unalolifahamu. Lakini ukitafsiri barua ya kumi kabla ya kujua ya tisa ilisema nini, utakuwa unatafsiri jibu bila swali.

Usiweke safu ya "aina" yenye familia au biashara. Hapo ndipo mafungu mawili yanapozaliwa upya.

Umefaulu ikiwa unaweza kupanga jedwali kwa tarehe, kisha kwa mtu, kisha kwa mahali, na halivunjiki.

## Hatua ya 4: Tarehe, hasa 7bre

Hapa ndipo wengi huanguka. Waandishi wa Kifaransa walifupisha miezi hivi: 7bre, 8bre, 9bre, na Xbre au 10bre. Msomaji wa leo anaona 7 anaandika Julai. Sivyo. 7bre ni Septemba, 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, Xbre ni Desemba. Majina hayo yametoka kwenye hesabu ya Warumi, ambao mwaka wao wa kale ulianza Machi, hivyo Septemba ukawa mwezi wa saba.

Sisi tusishangae. Jumatano ni siku ya tano kwa anayeanza kuhesabu Jumamosi, na saa mbili asubuhi mgeni anaiandika saa nane. Namba ipo pale pale, kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Kwa biashara ya manyoya kosa hili ni baya mno. Ngozi nzuri ni ya baridi, manyoya yanapokuwa mazito. Ziliwindwa wakati wa baridi, zikafungwa robota, zikateremshwa mtoni barafu ilipoyeyuka. Barua ya Septemba inazungumzia bidhaa za kupeleka kwa msimu ujao, ya Julai inazungumzia mauzo ya msimu uliokwisha. Ukikosea mwezi, deni litaonekana limelipwa kabla halijakopwa.

Tumia siku ya wiki kuhakiki. Huu ni mfano wa kufundishia tu: tuseme barua imeandikwa "mercredi 12 7bre 1832", yaani Jumatano. Fungua kalenda ya 1832. Tarehe 12 Julai ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Septemba ilikuwa Jumatano. Kazi imekwisha, ni Septemba.

Kwenye barua za Kiingereza utakutana na "inst.", "ult." na "prox." baada ya tarehe: mwezi huu, mwezi uliopita, mwezi ujao. Zihesabu kuanzia tarehe ya barua iliyo mbele yako. Usizihesabu kutoka tarehe ya barua inayojibiwa.

Umefaulu ikiwa kila tarehe imeandikwa mara mbili: kama ilivyo kwenye karatasi, na kama unavyoielewa wewe.

## Hatua ya 5: Jifunze mkono wa mwandishi kabla ya maneno yake

Chagua barua moja iliyo wazi ya kila mwandishi. Anza na anwani, tarehe, salamu na sahihi, kwa sababu unajua tayari zinasema nini. Kutoka hapo kusanya herufi zake: d yake ikoje, r ya mwisho inaishaje, S kubwa na L kubwa anazitofautishaje. Chora kwenye karatasi na uibandike mbele yako. Mwandiko wa barua moja utafungua ishirini.

Wengi waliandika Kifaransa kwa kufuata sikio. Kwa kufundishia tena: badala ya "j'ai reçu votre lettre" unaweza kukuta kitu kama "jai resu votre laitre". Kwa macho ni fumbo, kwa mdomo ni sentensi ya kawaida kabisa. Soma kwa sauti. Kila nikikwama kwenye neno, nalitamka mara tatu, na mara nyingi la tatu ndilo linalojitambulisha.

Nakili kama ilivyo, pamoja na makosa. Usisahihishe. Tahajia mbovu hutambulisha mwandishi pale sahihi inapokosekana.

Programu za kompyuta za kusoma mwandiko zinasaidia, lakini hupenda kubuni neno linalofanana na lililo sahihi. Majina ya watu na tarakimu usiziachie programu.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine, akiwa na chati yako ya herufi, anasoma mistari mitano na kupata maneno yale yale.

## Hatua ya 6: Chora ukoo kabla ya kutafsiri salamu

François alianza barua zake kwa Menard na "Cher Oncle", yaani mjomba au ami mpendwa. Bérénice alimwandikia mtu huyo huyo "Cher Papa", baba mpendwa. Msomaji wa haraka huweka Menard wawili kwenye jedwali.

Menard alikuwa baba mzazi wa Bérénice, kutokana na mke wake wa kwanza. Alipofiwa akaoa tena, akamwoa Angélique Saucier, dada wa Brigitte Saucier. Brigitte ndiye mama yake François. Kwa hiyo kwa François, Menard ni mume wa dada wa mama yake, na baada ya ndoa akawa pia baba mkwe. François aliendelea kumwita kwa ule ujamaa wao wa mwanzo.

Kiswahili kinatudai usahihi ambao Kifaransa hakidai. "Oncle" inaweza kuwa mjomba, ami, baba mkubwa, baba mdogo, au mume wa shangazi. Mimi huacha neno "Oncle" kwenye nakala mpaka ukoo uwe umechorwa, kisha ndipo namchagulia neno. Ukimwita Menard mjomba, umemfanya kaka wa Brigitte, na tawi zima limepinda. "Beau-père" nalo ni mtego: ni baba mkwe, na pia ni baba wa kambo.

Majina hurudiwa. Kuna Pierre Chouteau baba (1758–1849) na Pierre Chouteau mwana (1789–1865), kaka wa François kwa baba, aliyekuwa kiongozi wa biashara ya manyoya St. Louis. Barua humwita mwana "Cadet". Nimeona watu wakimwandika kama mwanafunzi wa jeshi. Maana yake ni mdogo tu.

Ndoa zilikuwa sehemu ya kampuni. Ramsay Crooks, mtu mkubwa wa kampuni ya manyoya ya American Fur Company, alimwoa mwaka 1825 Emilie, binti wa Bernard Pratte, mshirika wa Cadet katika kampuni yao ya manyoya mjini St. Louis. Mwishoni mwa 1826 makampuni hayo mawili yalikubaliana, na kuanzia 1827 kampuni ya Pratte na Chouteau ikawa tawi la magharibi la American Fur Company. Kwenye fungu la "familia" ndoa hiyo ni habari ya harusi. Kwenye fungu la "biashara" mkataba unaonekana umetokea hewani.

Umefaulu ikiwa kila jina kwenye jedwali lina mahali pake kwenye mchoro, au lina alama ya kuuliza iliyo wazi.

## Hatua ya 7: Watu waliotajwa kwa jina moja tu

Hatua hii nakuomba usiiruke.

Menard na akina Chouteau walimiliki watumwa. Katika barua utakuta mtu anatajwa kwa jina moja tu, bila la ukoo: ametumwa na mzigo, anaumwa, amekodishwa, ameuzwa. Msomaji asiyejua humfanya mtoto wa nyumbani au kibarua. Mpe mstari wake kwenye orodha ya watu. Andika kila alipotajwa, tarehe na kazi aliyokuwa akifanya. Kwa wengine mistari hiyo miwili mitatu ni sehemu kubwa ya kilichoandikwa juu yao popote, na kuna wazao wao leo wanaotafuta majina hayo.

Fanya vivyo hivyo kwa wenyeji wa nchi ile. François alifanya biashara na Wakansa na Waosage, na pia na Washawnee na Wadelaware ambao serikali ya Marekani ilikuwa ikiwahamishia magharibi. Barua za Kifaransa hutumia "Sauvages". Kwenye nakala liache neno hilo lilivyo. Kwenye tafsiri na maelezo taja taifa lao kwa jina pale linapojulikana.

Soma deni kwa makini hapa. Wawindaji walipewa bidhaa mali kauli: blanketi, baruti, risasi, shanga, sufuria, walipe ngozi zikipatikana. Serikali nayo ililipa mataifa hayo fedha ya kila mwaka kwa ardhi waliyoachia, na wafanyabiashara walikuwa pale pale siku ya malipo wakiwa na madaftari yao. Anayeandika daftari ndiye anayesema deni ni kiasi gani, na wewe unasoma upande mmoja tu. Andika "François anadai kuwa wanadaiwa", usiandike "wanadaiwa".

Umefaulu ikiwa orodha yako ya watu ina watu wengi ambao hawakuandika barua kuliko walioandika.

## Hatua ya 8: Fedha na robota

"Piastre" katika barua hizi ni dola. Anayefahamu hesabu za zamani za pwani yetu, zilizoandikwa kwa riale, atazoea upesi: jina la sarafu limetoka mbali, thamani ni ya soko la hapo.

Usigeuze kuwa fedha ya leo. Linganisha ndani ya barua zenyewe: robota moja la ngozi linabadilishwa na blanketi ngapi, mshahara wa mwaka wa mfanyakazi unanunua nini.

Aina ya ngozi iandike kila mara. Kulungu, rakuni, dubu, fisi-maji na biva hazikuwa na bei moja. Biva, mnyama wa majini anayejenga mabwawa, alitakiwa kwa kofia. Katika miaka ya 1830 kofia za hariri zikachukua soko na bei yake ikashuka. Ukiona malalamiko ya bei miaka hiyo, tazama ni ngozi gani kabla ya kumlaumu mwandishi kwa uzembe.

## Hatua ya 9: Unganisha mnyororo

Sasa rudi kwenye safu ya "barua inayoijibu". Mistari ya mwanzo ya barua ya biashara karibu kila mara hutaja barua iliyopokelewa na tarehe yake. Unganisha namba kwa namba. Barua iliyotajwa lakini huna, ifungulie mstari wake: tarehe, mwandishi, "haijapatikana", na yale tunayoyajua juu yake kutoka kwenye jibu. Utashangaa ni kiasi gani cha barua iliyopotea kinaweza kurudishwa kutoka kwa aliyeijibu.

Hesabu siku kati ya kuandika na kupokea. Baada ya barua kumi utajua mwendo wa kawaida wa njia ile, na barua iliyochelewa mara tatu itajionyesha. Ukiikuta, usikimbilie sababu za soko. Soma safu ya afya na hali ya hewa. Mwaka 1826 mafuriko yaliharibu kituo cha François. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia St. Louis. Barafu ilifunga mito kila msimu wa baridi.

Hapa ndipo utakapoona faida ya kutotenga. Mtoto ameugua, safari ya kuteremsha robota imeahirishwa wiki tatu, hawala haikulipwa kwa wakati, na barua ya ukali imefika kutoka mjini. Mambo manne, karatasi mbili.

Umefaulu ikiwa unaweza kuchukua deni moja na kulifuata kutoka siku bidhaa zilipotoka hadi siku lilipolipwa au kusamehewa, ukitaja namba ya barua kwa kila hatua.

## Hatua ya 10: Mwandishi anapobadilika

François alifariki 1838, akiwa na umri wa miaka 41. Wasomaji wengi hufunga jedwali hapo. Bérénice aliishi hadi 1888, na mjane wa mfanyabiashara hurithi madeni pamoja na nyumba.

Barua za baada ya kifo zisome ukiwa na mnyororo wa kabla yake mezani. Angalia nani sasa anaandika kuhusu fedha, nani anaacha kumwandikia Bérénice, na yupi kati ya ndugu anayejitokeza. Angalia pia mkono: karani au mtoto anaweza kuwa ameandika kwa niaba, na sahihi tu ndiyo yake. Chati ya herufi uliyochora hatua ya 5 ndiyo itakayokuambia.

Kisha chukua barua moja ya 1837 na moja ya 1839, ziweke pande mbili za meza, na ujaze safu zote za jedwali kwa kila moja. Safu zitakazobaki tupu upande wa 1839 ndizo utakazoanza nazo kesho asubuhi.